Mnazi wa Nta na Kaburi Lisilo na Mtu

Mimi ni wifi yake, na wifi hana kazi ya kusifu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kumpamba. Mjini wanamwita Mama Kitalu, kwa sababu anauza miche kando ya barabara inayopanda kwenda hospitali, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka jua liwe juu na watu hutembea wameficha mikono kwapani. Mimi namwita wifi nikiwa na furaha, na "wewe mwanamke" siku nyingine zote. Aliolewa na kaka yangu, wa tumbo moja na mimi. Kaka alipofariki tulimrudisha nyumbani kwetu, safari ya siku mbili, tukamzika karibu na wazazi.

Katika mazishi yale wifi yangu hakutoa chozi. Watu walilia mpaka sauti zikakauka, yeye akawa kiguu na njia: nani hajapata blanketi, sufuria ya chai iko wapi, nani kaacha viatu mlangoni pa jiko watu wajikwae. Shangazi zangu walikuwa wakimtazama kwa pembe ya jicho. Mimi pembe za jicho siziwezi, kwa hiyo nilimfuata nikamwambia, "Wewe mwanamke, aliyelala pale ni mume wako au mpangaji?"

"Wifi," akanijibu, "shika hii birika, imejaa."

Nikashika birika, lakini kinyongo nacho nikakishika kwa mkono wa pili.

Matanga yalipokwisha nilifunga cherehani yangu nikaenda kukaa kwake wiki mbili, nimchunguze kama akibaki peke yake angalau atamlilia kaka yangu. Mimi nashona mapazia, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya popote penye meza na mwanga. Zile wiki mbili hazijaisha mpaka leo. Cherehani iko chini ya banda la kitalu, kati ya magunia ya samadi na ndoo za kumwagilia, na wateja wapya hunisalimu kwa heshima wakidhani mimi ndiye mwenye mali. Siwakatalii.

Siku niliyofika nilikuta safu ya viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche, vimejaa udongo mtupu. Kila asubuhi anavimwagilia, anavifunika na nyasi kavu, anavifunua, anavitazama kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Nikamuuliza anafuga nini humo. Akaniambia kuna mbegu za mnazi wa nta. Alizipata kwa posta kutoka kwa mwanamke mwenzake wa vitalu, huko Amerika ya Kusini, ambaye hubadilishana naye mbegu, yeye akipeleka za maua ya kwetu. Si mnazi hasa, kwa maana hauzai nazi, lakini ni wa ukoo huo huo. Huota milimani kwenye baridi na ukungu, na hakuna ndugu yake yeyote duniani anayeufikia kwa urefu. Shina lake ni jeupe, limejipaka nta lenyewe, lina pete nyeusi kila mahali jani lilipodondoka, na zamani watu wa huko walikuwa wakiikwangua ile nta na kutengenezea mishumaa.

"Na utaota lini?"

"Kaka yako naye alikuwa akiniuliza hivyo hivyo. Kila akipita hapa anaviamkia: hamjambo humo ndani?"

Akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa bado na birika yangu moyoni.

Mbegu ziliposhinda humo zaidi ya mwaka bila kuota, niliamua kwamba huo ni udongo unaokaa bure, nikapanda vitunguu katika viriba viwili. Tusizungumze yaliyofuata. Mbegu nyingine zilioza zenyewe, hilo nataka lieleweke, na katika safu nzima ikachipua moja tu. Ikatoa jani jembamba, la kijani, lisilo na maajabu yoyote. Nililitazama huku na huku. Ni nyasi. Ukiniweka mbele ya mahakama nitaapa kwamba ni nyasi. Lakini wifi yangu alichuchumaa mbele ya jani lile mpaka miguu ikafa ganzi, ikabidi nimwinue.

Mnazi huu ndivyo ulivyo, lazima nieleze, kwa sababu kisa chote kimekaa hapo. Hauendi juu. Miaka na miaka unakaa chini, unatoa jani, unapumzika, unatoa jingine, moyo wake umejificha ndani ya udongo, na shina hakuna. Anayepita anaona kichaka cha nyasi pana. Katika biashara ya miche, swali la kwanza la mteja si jina la mti, ni "unakua haraka?" Watu wanataka ua liwe limefunga kabla jirani hajarudi safari. Wifi yangu angeweza kudanganya kama wenzake, lakini alikuwa na raha ya ajabu ya kuwaambia ukweli. Bwana mmoja mwenye nyumba mpya alisimama mbele ya mnazi ule, akauliza shina litaonekana lini.

"Una watoto?"

"Ninao."

"Basi hilo waachie wao. Wewe utafaidi majani."

Bwana akanunua mikaratusi.

Sasa shida ilikuwa hii. Watu wa vitalu vya barabarani hawapandi kitu ardhini. Eneo ni la barabara, na siku yoyote anaweza kuja mtu na kofia ngumu akasema hameni, kwa hiyo mali yako yote inakaa ndani ya mfuko, tayari kubebwa. Hata waridi la kuwavutia wateja liko kwenye ndoo. Na nyumbani tunapopanga ni vyumba viwili na ua wa saruji. Mnazi ulikuwa umekua mpaka mizizi inatafuta njia ya kutokea chini ya kiriba, na mizizi ya mti huu haitaki kuguswa. Ukiikata ovyo, umeuua. Ulikuwa mmoja. Kupata mbegu nyingine na kungoja upya, kwa umri wake, hakukuwa na maana. Wifi yangu alitaka jambo moja tu maishani, na alilisema wazi mbele yangu na mbele ya wateja: auweke mnazi ule mahali ambapo yeye akifa hautakatwa.

Ndipo manispaa ikamaliza jengo lake jipya, akaitwa apande miti ya mbele. Aliyemwita ni Bwana Usafi, msimamizi wa bustani, mitaro na majalala yote ya mji, jina tulilompa sisi wananchi na ambalo analijua na kuitikia. Wifi akamweleza kwamba anao mnazi mmoja ambao siku moja utalipita jengo lile na bendera yake.

"Siku gani hiyo?"

"Wewe ukiwa umestaafu, na atakayekaa kiti chako naye awe amestaafu."

"Mama, mgeni rasmi anakuja mwezi ujao."

Basi akaagizwa ile minazi ya mapambo inayokua mbio mbio, akaipanda kwa mstari ulionyooka, kila mtu akaridhika. Lakini kwenye kona, karibu na benchi la saruji wanapokaa watu wakisubiri kuitwa dirishani, alichimba shimo ambalo halikuwa katika mpango wa mtu yeyote. Akaushusha mnazi wake na udongo wake wote, akaushindilia, akajipangusa mikono na kuondoka akitazama mawingu, amejifanya hamnazo.

Aliyemsahau ni Kinyozi. Huyu ni mkata nyasi wa manispaa, mtu mpole, hana neno na mtu, lakini akishawasha ile mashine yake haoni tofauti ya waridi na gugu. Hakupita mwezi. Wifi alirudi kitaluni ameshika fungu la majani yaliyokatwa, uso umemsawajika. Uso ule sikuwahi kumwona nao. Nikasema moyoni, ahaa, kumbe uso wa msiba anao, ila alikuwa ameyawekea majani.

Bahati nzuri moyo wa mnazi ulikuwa chini ya udongo, mashine haikuufikia. Baada ya muda mrefu wa kunikera kila siku na habari zake, ukatoa ncha tena. Wifi akauzungushia vijiti. Watu wakavichukua kuni. Akazungusha kamba, mtu akaiona inafaa kuanikia nguo. Akaweka kibao, USIKATE HAPA, Kinyozi akaking'oa kwa adabu, akakiegemeza ukutani, akakata, akakirudisha. Wifi akaenda kumsihi uso kwa uso.

"Nimeelewa, mama," Kinyozi akamwambia. "Hapa sigusi."

Akagusa.

Siku hiyo nilikuwa napinda pindo la pazia refu la ukumbi, nimechoka na mimi, na wifi anazunguka banda akilaani mashine na aliyeiunda. Nikamwambia bila kuinua kichwa, "Labda uzike mtu pale. Watu hawaogopi mti, wanaogopa maiti."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Jumapili iliyofuata, mji ukiwa bado umejifunika shuka, aliniambia nimsaidie kusukuma toroli la mawe. Mawe ya nini? Ya mapambo. Nikasukuma. Tulipofika kwenye ile kona alitoa chepe, akainua tuta refu la kimo cha mtu mzima, mnazi ukiwa upande wa kichwani. Akalipigapiga kwa bapa la chepe likawa laini. Akapanga mawe kuzunguka, yote ameshayapaka chokaa nyumbani nikidhani ni ya kuuza. Hakuweka jina, wala alama, wala tarehe. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akakunja mikono kifuani.

"Wifi, inamisha kichwa kidogo. Kuna watu wanapita."

Nikainamisha. Mtu mzima mimi, na mvi zangu, nikainamisha kichwa mbele ya tuta la udongo mtupu.

Jumatatu tulijibanza ng'ambo ya barabara tukamtazama Kinyozi. Alikuja na mashine inanguruma, akafika kwenye kona, akasimama. Akaizima. Akavua kofia. Akaisukuma mashine kwa mikono, polepole, mpaka alipoona yuko mbali vya kutosha, ndipo akaiwasha tena. Wifi alinibana mkono mpaka nikaona nyota. Tulicheka njia nzima, mimi nikijikumbusha kwamba bado nina hasira naye.

Nilidhani kaburi letu litadumu wiki moja, kisha mtu atauliza. Bwana Usafi kweli aliuliza. Alimuuliza karani, karani akasema alilikuta. Akamuuliza mlinzi, mzee wa siku nyingi pale, na mlinzi hakukubali kuonekana kuna jambo limempita. Akasema kaburi lile ni la zamani sana, na yeye mwenyewe alihudhuria mazishi, ilinyesha mvua siku hiyo. Kuanzia hapo kazi haikuwa yetu tena. Wengine wakasema amelala pale mwenye shamba wa kwanza, aliyekataa kuhama. Wengine wakasema ni mtu aliyefia benchini akingoja kuitwa dirishani, na hawa ndio waliosadikika zaidi. Watu wakaanza kuweka maua. Na maua wanayanunua wapi? Kwa Mama Kitalu, naye anawafungia vizuri na kuwapa pole, jicho kavu, wakati mimi nimejifunika pazia usoni ili nisipasuke.

Mnazi ukapata amani. Ukatoa majani, kila moja likilipita lililotangulia, mpaka yakampita mtu kwa kimo, na upepo ukiyapindua yanaonyesha tumbo jeupe linalometa. Shina bado, lakini pale chini palianza kunenepa, na wifi alikuwa akinipeleka kunionyesha unene huo kama bibi anayeonyesha jino la mjukuu. Nilikuwa nasema sioni kitu. Nilikuwa naona.

Kila jioni akifunga kitalu alipitia kule. "Naenda kuukagua," anasema. Anakaa kwenye benchi, watu wote wameshaondoka, na midomo inacheza. Siku moja nilimfuata nikajificha nyuma ya ubao wa matangazo, maana niliona nimeishi na mtu huyu muda wa kutosha kuwa na haki ya kumpeleleza. Nikamsikia anasema, "Na zile soksi ulizoficha nyuma ya kabati nimeziona. Zina matundu, na wewe ulinidanganya umezitupa."

Soksi za kaka yangu! Nilirudi nyumbani nimevimba. Hakumlilia kaka mbele za watu, sasa anamsimulia nyasi habari za soksi zake? Usiku ule nilimpakulia chakula kidogo. Akala, akaongeza mwenyewe.

Tukaenda hivyo miaka, mpaka asubuhi moja Bwana Usafi akaja kitaluni bila gari, kofia mkononi. Akakataa kiti, akakubali kiti. Akasema manispaa imeamua kupanua maegesho, magari yamezidi, na ile kona yote itawekwa lami. Minazi ya mapambo itang'olewa. Tatizo ni kaburi.

"Kama halina wenyewe," alisema, "tutaita viongozi wa dini waombe, kisha tingatinga lisawazishe. Kama lina wenyewe, utaratibu ni mwingine. Mabaki yanahamishwa kwa heshima kwenda makaburi ya kule juu kilimani, na familia ndiyo inayosema yahamishwe vipi. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye unayelitunza. Mama, aliyelala pale ni nani?"

Wifi yangu alikuwa ameshika mche wa waridi. Aliuweka chini taratibu sana. Niliona akili inavyomzunguka usoni: akisema hakuna mtu, mnazi umekwisha leo hii, na yeye atachekwa mpaka barabarani. Akikaa kimya, tingatinga. Akatazama upande wa barabara, akatazama mikono yake.

"Mume wangu," akasema.

Sindano ya cherehani ilinipita kwenye kucha. Bwana Usafi akanigeukia, maana mji mzima unajua mimi ni nani.

"Kwa hiyo, dada, ni kaka yako?"

Nataka nieleze nilivyojisikia, kwa sababu halikuwa jambo dogo. Kaka yangu nilimwona akishuka kaburini, nyumbani kwetu, nikamtupia udongo kwa mkono wangu huu. Mwanamke ambaye hakumlilia alikuwa amenitaka nimchukue kaka yangu nimlaze chini ya magari ya manispaa ili mti wake upone. Nilifungua mdomo nimwaibishe, nimalize kinyongo changu chote mara moja, mbele ya serikali. Kisha nikamtazama. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyening'inia kwenye tawi, na hakuwa na uso wa ujanja hata kidogo. Aliogopa.

"Tumbo moja," nikamwambia Bwana Usafi. "Alikuwa na subira sana na ofisi yenu."

Bwana Usafi alipoondoka ndipo nilipomtolea uvivu. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Aliyasikiliza yote akisukuma mbolea kwa mguu, na nilipotua kupumua akasema, "Umemaliza? Sasa sikiliza. Mti ule unahitaji shimo pana kuliko kitanda, udongo wake usivunjike, ubebwe na lori lenye winchi, uende palipo na ukungu na pasipojengwa. Mimi na wewe na toroli tungeweza?"

Tusingeweza. Makaburi ya kilimani hayafyekwi kwa mashine, na ukungu wa kule haukauki mchana kutwa.

"Na wakichimba wasione mfupa hata mmoja?"

"Hawatachimbua. Nitawaambia mizizi imemkumbatia, na familia haitaki watenganishwe. Nani atabisha?"

"Na kulia je? Mjane lazima alie, watakutazama wewe."

Hapo akakwama. "Kulia sijui, wifi. Utanilia wewe. Wewe una sauti."

Kwa hiyo nikamshonea kila mmoja wetu gauni jeusi, nikafanya mazoezi ya kilio chooni mpaka mpangaji mwenzetu akagonga kuuliza kama naumwa.

Siku ya kuhamisha, ofisi ilifungwa kwa muda. Makarani walipanga mstari. Mlinzi mzee alikuwa mbele kabisa, anaeleza wenzake jinsi marehemu alivyokuwa mcheshi. Wachimbaji walizunguka tuta kwa mbali, wifi akiwaongoza kwa sauti ya msiba: "Pana kidogo, baba. Zaidi. Mume wangu hakupenda kubanwa." Walipofika chini wakasuka magunia kuzunguka bonge lote, wakalibana kwa mbao, wakalifunga minyororo. Winchi ikalalamika. Lori likazama upande mmoja.

"Poleni sana," dereva akaninong'oneza, "lakini marehemu ni mzito."

"Alikuwa anakula vizuri," nikamwambia.

Kinyozi alilia kuliko wote. Alinishika mkono akasema anamwomba marehemu radhi, kuna siku kabla ya mawe alipita juu yake na mashine. Nikamwambia marehemu hana kinyongo. Bwana Usafi alitembea pembeni yangu tulipokuwa tukilifuata lori mlimani, mikono mgongoni. Kisha akainama sikioni pangu.

"Dada, hivi kaka yako atarefuka kiasi gani?"

Nikajikwaa. Alikuwa anatazama mbele, uso mkavu kama wa hakimu.

"Sisi hatutamwona akimaliza," nikasema.

"Basi nimewaambia wamchimbie mbali na ukuta," akasema, akaongeza mwendo.

Kule juu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi. Shimo lilikuwa pana kama chumba. Wakaliteremsha lile bonge polepole, majani yakitikisika juu, na lilipogusa chini kila mtu akavua alichokuwa nacho kichwani. Wifi alikuwa ameniambia nimngoje anigonge kiwiko, ndipo nianze. Nikajaza pumzi. Nikangoja kiwiko.

Hakikuja. Nikageuka, nikamwona amepiga magoti kwenye udongo mbichi na gauni langu jipya, ameshika ukingo wa shimo kwa mikono miwili. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu. Nilidhani ameamua kuigiza mwenyewe, nikataka kumpongeza. Kisha nikasikia anachosema, anakisema chini chini, hakumwambia mtu yeyote wa pale.

"Sikukulilia. Nilikuwa na wageni. Walijaa nyumba nzima, hakuna aliyekuwa anawaangalia, nikasema wakiondoka nitakulilia, na walipoondoka sikujua tena pa kuanzia. Nisamehe. Nilikuwa na wageni."

Kilio changu cha chooni nikakisahau. Wageni wale walikuwa sisi. Nilikuwa mmoja wao, nimeshika birika na nimekasirika, na ndugu zangu wote wamelala kwenye mablanketi aliyowatafutia. Nilipiga magoti karibu naye, gauni la pili nalo likaharibika, nikamkumbatia mabega. Nikalia na mimi, vibaya, bila mpango wowote, nikimlilia kaka yangu ambaye yuko safari ya siku mbili kutoka pale. Chini mle hapakuwa na unyweleo wake, na sikujali.

Wachimbaji wakaanza kurudishia udongo taratibu, wametuachia nafasi. Katikati ya kilio, kamasi zikimtiririka, wifi yangu akainua kichwa ghafla.

"Wewe! Wewe mwenye buti! Ondoa mguu juu ya jani hilo!"

Yule mtu akaruka pembeni kama aliyekanyaga moto. Wifi akahakikisha jani halijavunjika, akalinyoosha kwa vidole viwili, akarudisha kichwa chake begani pangu, akaendelea kulia pale pale alipokuwa ameachia.